Usiseme ‘nitazoea’: Kiswahili cha kupimwa na kurekebishiwa mguu bandia

Wiki hii nataka tuchunguze msamiati wa mahali ambapo wengi wetu hatujaingia, na pengine huomba tusiingie: chumba cha fundi wa viungo bandia. Kilichonivuta huko ni jambo la lugha. Mtu aliyekatwa mguu anapopimwa mguu mpya, vipimo vya kwanza huchukuliwa kwa utepe na plasta. Vipimo vinavyofuata huchukuliwa kwa maneno. Fundi hahisi kinachotokea ndani ya mguu aliouunda. Anayehisi ni mvaaji. Mvaaji akikosa neno la kueleza panapomuuma na jinsi panavyomuuma, fundi hubaki kubahatisha, na mguu uliogharimu fedha nyingi huishia uvunguni. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Katika karakana hiyo, anayelala kitandani hana budi kuwataja kunguni mmoja mmoja.

Kwetu Voi jambo hili li karibu. Barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi inapita hapa, na ile ya kwenda Mwatate hadi Taveta inaanzia hapa. Bodaboda zimejaa kotekote. Ongeza kisukari, maradhi yanayoua hisia za nyayo na kuchelewesha vidonda kupona. Ongeza pia moma, nyoka ambaye sumu yake huozesha nyama. Huenda nawe, msomaji, unamjua mtu mmoja au wawili waliokatwa mguu kwa mojawapo ya sababu hizo.

Tuanze na jina la kifaa chenyewe. Gazeti lolote la Kiswahili utakalofungua litakuonyesha kwamba neno ‘bandia’ halina sifa njema. Kuna noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia, mbegu bandia na daktari bandia. Zote ni habari za polisi na mahakama. Kisha ghafla tunakutana na mguu bandia, jino bandia na nywele bandia. Je, ni neno moja?

Umbo ni moja, maana ni mbili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno bandia kuwa ni mwanasesere, yaani kitu kilichotengenezwa kwa mfano wa mtu ili mtoto akichezee. Mwanasesere hamdanganyi mtu. Mtoto anajua si mtoto wa kweli na bado anambeba mgongoni. Kutokana na wazo hilo la kitu kilichoundwa kwa mfano wa kingine, neno limechipuza matawi mawili. Tawi la kwanza ni kitu kilichoundwa ili kichukue nafasi ya kingine kwa uwazi. Tawi la pili ni kitu kilichoundwa ili kidanganye. Ukitaka kuyatenganisha, weka neno ‘ghushi’ mahali pa ‘bandia’. Noti ghushi inakubalika. Cheti ghushi kinakubalika. Mguu ghushi? Sikio linakataa mara moja. Daktari bandia si daktari, lakini mguu bandia unasimamisha mtu, unampandisha matatu na kumfikisha shambani.

Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia wavaaji wenyewe wakisema, “Huu ni wa bandia tu,” kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Wengine huuita mguu wa uongo. Mtu anayeamini kwamba amevaa uongo hatarajii uongo huo umkae vizuri, na asiyetarajia hadai. Basi hapo kosa la tafsiri ya neno linageuka kidonda.

Inafaa pia tujue kwamba neno wanalolitumia Wazungu, prosthesis, lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kuongeza au kuweka pale panapokosa. Waingereza walilitumia kwanza katika sarufi, tangu karne ya 16, kwa maana ya sauti au silabi iliyoongezwa mwanzoni mwa neno. Matabibu walikuja kuliazima baadaye, mnamo karne ya 18. Kwa hiyo wanasarufi tuna haki fulani katika karakana hiyo! Sisi tungesema kifaa hicho ni kiambishi: hakina kazi mpaka kiambishwe kwenye mzizi, na kazi yote ya fundi ni kutafuta upatanisho kati ya hivyo viwili.

Mzizi huo una jina lake katika Kiswahili, ingawa halisikiki sana siku hizi. Sehemu ya mguu au mkono iliyobaki baada ya kukatwa huitwa gutu, wingi wake magutu. Pia huitwa kigutu. Wengi husema ‘kile kipande kilichobaki’ au hukwepa kabisa kwa kusema ‘hapa’. Ni neno zuri, fupi na la kikamusi, nalo litatufaa hadi mwisho wa makala haya.

Tahadhari moja. Kigutu hutumiwa vilevile kumtaja mtu mwenyewe, kama vile kiwete, kipofu na kiziwi. Wapo wanaodai kwamba tusi liko katika kiambishi ki-, kwa kuwa kinamweka mtu katika ngeli ya vitu. Sikubaliani nao. Kiongozi ana ki-, kijana ana ki-, kinyozi ana ki-, na hakuna aliyelalamika. Kisarufi wote huchukua upatanisho wa viumbe hai: kiongozi huyu amefika, wala si kiongozi hiki kimefika. Dosari ni kumpa mtu mzima jina la kile alichokipoteza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra sheria kuingilia msamiati kwa uwazi namna hiyo. Ibara hiyohiyo inampa haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na hali yake. Jina zuri na mguu mzuri, vyote vimo katika ibara moja. Basi tuseme mtu aliyekatwa mguu, na neno gutu tuliachie kiungo chenyewe.

Neno jingine linalohitaji kupasuliwa ni ‘mguu’. Katika Kiswahili mguu huanzia nyongani hadi vidoleni. Ukisema “amekatwa mguu” hujamweleza fundi lolote la maana, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa: juu ya goti au chini ya goti? Aliyebakiwa na goti lake ana nguvu za kupanda ngazi na kuinuka kitini. Aliyelipoteza atahitaji goti la kuundwa pia, na kutembea kutamchosha zaidi. Sehemu nyingine zina majina ambayo tuliyasoma shuleni tukayasahau: paja, pia ya goti, muundi ambao ni mfupa wa mbele, chafu ambayo ni mnofu wa nyuma, kifundo, kisigino na unyayo. Mtu anayeweza kusema “panafinya kwenye muundi” amemwokolea fundi nusu saa.

Sasa tuone mguu wa chini ya goti unavyoundwa. Baada ya upasuaji, jeraha huachwa lipone na gutu hufungwa kwa bendeji ya kuvutika, kwa sababu gutu jipya huwa limevimba na umbo lake halijatulia. Siku ya kipimo, fundi hulivalisha gutu soksi nyembamba, hutia alama kwenye mifupa iliyojitokeza, kisha hulizungushia bendeji zenye plasta mbichi. Plasta ikikauka huvuliwa, na ndani yake panabaki uwazi wenye umbo la gutu. Uwazi huo hujazwa uji wa plasta. Ukishaganda, fundi amepata nakala ya gutu la mtu huyo.

Hapo ndipo ustadi ulipo. Fundi haichukui nakala hiyo jinsi ilivyo. Huikwangua mahali ambapo mwili unaweza kubeba uzito, hasa kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti. Huongeza plasta mahali ambapo mwili hauwezi kubeba uzito: kwenye ukingo wa muundi, kwenye ncha ya gutu, na kwenye kile kinundu cha mfupa mwembamba kilichoko upande wa nje, chini kidogo ya goti. Mtu wa kawaida hudhani uzito wote unakaa kwenye ncha, kama mguu wa meza unavyokanyaga sakafu. Sivyo. Katika mguu wa chini ya goti uliotengenezwa vizuri, uzito huenezwa pande zote, na ncha huguswa tu bila kukandamizwa.

Juu ya nakala hiyo hufunikwa bamba la plastiki lililopashwa moto jikoni hadi likalainika, na hewa hufyonzwa ili plastiki ishike umbo. Plastiki inayotumika sana katika nchi kama yetu ni polipropilini, na aliyeisambaza zaidi ni Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kwa kuwa ni nyepesi, ni nafuu na ikipashwa moto tena hubadilika umbo. Sifa hiyo ya mwisho tuikumbuke. Ina maana kwamba mahali panapouma panaweza kurekebishwa.

Kile chombo kinacholipokea gutu mafundi hukiita soketi. Shida ya neno hili ni kwamba mitaani soketi ni ile tundu ya umeme ukutani. Bibi akiambiwa “soketi yako imelegea” anaweza kufikiria nyumba yake kabla hajafikiria goti lake. Kiswahili kina neno ala, lile la ala ya kisu au ala ya upanga, ambalo maana yake ndiyo hasa: chombo kilichoundwa kufuata umbo la kitu kinachoingia ndani yake, kisibane wala kisipwaye. Sidai soketi ifutwe, maana imeshaota mizizi. Ninachopendekeza ni kwamba fundi akiona uso wa mgonjwa umeganda, aseme: “Hii ni ala, na gutu lako ndilo kisu.” Ataeleweka Voi, Lamu na Tanga.

Mguu ukishaunganishwa, yaani soketi, bomba na unyayo wake, huja kazi ya kuurekebisha, na hapa ndipo maneno huwa na kazi kuliko bisibisi. Nilimsindikiza jirani yangu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, katika karakana moja ya pwani. Mazungumzo yalianza hivi.

“Mzee, mguu unasemaje?” fundi aliuliza.

“Iko sawa tu, daktari.”

“Tembea basi nione.”

Alitembea hatua kama nane kati ya vyuma viwili vya kushikilia, uso ameukunja.

“Panauma?”

“Kidogo tu. Nitazoea.”

“Wapi, mzee wangu?”

“Mguu wote.”

Fundi alimkalisha akamvua mguu. Upande wa nje chini ya goti palikuwa na alama nyekundu ya ukubwa wa sarafu. “Mzee wangu,” akasema, “mguu wote siwezi kuukwangua. Niambie uko kama nini.”

Jirani yangu alifikiri. “Hapa inafinya, kama kiatu kipya. Hiyo ni asubuhi. Ikifika jioni inaanza kucheza, mguu unapanda na kushuka kama mchi kwenye kinu, halafu huku chini inanidunga.”

“Sasa umesema!” fundi akajibu, naye hakuuliza zaidi.

Msomaji ambaye ni mlinzi wa ngeli ameshatikisa kichwa, kwa sababu mguu ni wa ngeli ya U-I na mzee alisema ‘iko’ na ‘inafinya’. Na alale kidogo. Sentensi zile zilikuwa na kila kitu alichohitaji fundi. ‘Inafinya’ asubuhi, mahali pamoja, upande wa nje, maana yake soketi inakandamiza kile kinundu cha mfupa mwembamba. Fundi alipasha moto sehemu hiyo na kuisukuma nje kidogo. ‘Inacheza’ jioni ni jambo jingine kabisa. Gutu hupungua kadiri siku inavyokwenda, kwa kuwa maji ya mwilini husukumwa juu likiwa ndani ya soketi. Likipungua huzama, ncha ikagonga chini, ndipo ‘inadunga’. Dawa yake ni kuongeza soksi ya gutu adhuhuri, jambo ambalo mvaaji hulifanya mwenyewe. Laiti angeshikilia ‘mguu wote’, pengine angerudi Voi, safari ya kilomita zipatazo 150 kutoka Mombasa, akiwa na maumivu yaleyale.

Kiswahili kina utajiri wa kupendeza wa vitenzi vya maumivu, na kila kimoja kinaelekeza upande wake. Kubana na kufinya huonyesha nafasi imekuwa ndogo. Kupwaya na kucheza huonyesha imekuwa kubwa. Kudunga na kuchoma huashiria mahali padogo panapoguswa na kitu kigumu, au mshipa wa fahamu ulioshikwa. Kuchubua ni ngozi kusuguliwa mpaka itoke; lengelenge huja kabla yake, na ni onyo. Kuchonyota ni ule uchungu wa jasho kuingia penye mchubuko, na kwa joto la Voi kila mvaaji ataufahamu. Kuwasha ni ngozi kukataa kitu: sabuni isiyosuuzwa, soksi yenye unyevu, au fangasi. Kupwita ni maumivu yanayofuata mapigo ya moyo. Yakija pamoja na joto na uvimbe, mtu asingoje fundi, aende hospitali. Ganzi ni kutohisi, na kwa mwenye kisukari ni ya hatari kuliko zote, kwa kuwa kidonda huanza bila kupiga hodi. Huyo asingoje maumivu yamwambie. Atazame gutu lake kila jioni kwa kioo. Wekundu unaotoweka baada ya dakika kama kumi ni wa kawaida. Usiotoweka ni ujumbe.

Yapo pia maneno ya mwendo. Fundi husawazisha mguu ili mtu asimame wima bila kuegemea upande. Ukiwa mrefu mno, mvaaji huuzungusha nje kila hatua. Ukiwa mfupi mno, nyonga huinama na mgongo huuma. Kuna mwinamo wa unyayo vilevile. Ncha ya mbele ya unyayo ikielekea chini mno, mtu anayetembea sakafuni huhisi kama anapanda mlima. Ikiinuliwa mno, au kisigino kikiwa kigumu mno, huhisi kama anateremka na goti linasukumwa mbele. Hapa watu wa kaunti yetu tuna bahati ya lugha. Aliyewahi kupanda kwa miguu kutoka Mwatate kwenda Wundanyi na kurudi hahitaji kufundishwa tofauti ya maumivu ya kupanda na ya kuteremka. Aseme tu: “Hapa ni tambarare lakini mwili wangu unapanda Wundanyi,” na fundi atajua skrubu ya kugeuza.

Kwa sababu hiyo, kiatu ni sehemu ya mguu. Unyayo husawazishwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu alichokuja nacho mtu siku ile. Akija na buti, kisha nyumbani akavaa akala, mwinamo wote umebadilika, ingawa hakuna aliyegusa skrubu. Swali “Kwa kawaida unavaa nini?” si la urembo. Mjibu kweli, hata kama jibu ni ndara.

Nilisema mzee alimwita fundi ‘daktari’. Alifanya hivyo kwa heshima, lakini hebu tuangalie heshima hiyo inagharimu nini. Shati likikubana, unamrudishia fundi cherehani siku hiyohiyo, na husemi utalizoea. Kwa daktari tumezoea kuitikia. Mtu akimwita aliyemuundia mguu daktari, anauvaa unyamavu wa mgonjwa. Akimwita fundi, anakumbuka kwamba ana haki ya kurudisha kazi. Nayo lugha yetu inakubaliana na hilo la pili, maana tunasema kuvaa mguu na kuvua mguu, kama nguo. Nguo ikifaa tunasema imemkaa au imemwenea. Tuseme hivyo kuhusu mguu pia: “Umenikaa hapa, haujanikaa pale.”

Wala jina fundi si dogo. Unyayo maarufu wa Jaipur, uliobuniwa India mwaka 1968 ili watu waweze kuchuchumaa, kutembea peku na kufanya kazi kwenye majimaji, ulitoka mikononi mwa Ram Chandra Sharma, fundi wa kazi za sanaa, akishirikiana na daktari wa mifupa P. K. Sethi. Tuzo ya Ramon Magsaysay ya mwaka 1981 ilimwendea daktari.

Sasa tufike kwenye ‘nitazoea’. Kuna mambo ambayo kweli mtu huyazoea: uzito wa kitu kigeni, uchovu wa misuli, kujifunza kukiamini kisigino kisichohisi. Hayo hupungua kila wiki. Lakini mfupa hauizoei plastiki inayoukandamiza, na ngozi haizoei kuchubuliwa. Tazama sarufi ya vitenzi hivi viwili. Katika ‘nitazoea’ mtenda ni mimi, mzigo wote ni wangu, na mguu hauna kosa. Katika ‘nirekebishie’ mtenda ni fundi na kinachobadilika ni mguu. Mgonjwa anayesema la kwanza mahali pa la pili amejihukumu mwenyewe. Ndugu na majirani nao humwongezea: “Vumilia, utazoea.” Wanasema kwa mapenzi, lakini wangemwambia arudi angekuwa salama zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na kwa mwenye kisukari, mchubuko uliofichwa unaweza kumrudisha chumba cha upasuaji akatwe tena, juu zaidi.

Kuna maumivu ya aina moja ambayo Kiswahili bado hakijayapa jina lililotulia. Mtu huhisi kidole cha mguu ambao haupo kikikunjwa au kikiungua. Silas Weir Mitchell, daktari Mmarekani aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliuita mguu huo mzuka mwaka 1871, na Kiingereza kimelishika jina hilo. Tukilitafsiri kwa neno tulilolizoea magazetini tutapata ‘maumivu hewa’, kama wafanyakazi hewa. Naomba tusifanye hivyo! Mfanyakazi hewa hayupo na mshahara wake ni wizi. Maumivu haya yapo. Ubongo bado una ramani ya mguu wote, na ishara zake ni za kweli. ‘Mzuka’ nao utawapeleka watu kwa mganga, maana wapo wanaoamini mguu umezikwa vibaya. Napendekeza ‘maumivu ya kiungo kisichopo’, ili yatofautishwe na ‘maumivu ya gutu’. Tofauti hiyo ina faida, kwa kuwa maumivu ya gutu huenda yakarekebishwa kwa soketi, ilhali ya kiungo kisichopo hutibiwa kwa dawa, kwa kukandwa, na hata kwa kioo kinachouonyesha ubongo mguu uliobaki kana kwamba ni ule uliokwenda.

Nani ataukusanya msamiati huu? Sisi wa Taita Taveta tumekaa kati ya vituo vikubwa. Upande wa Mombasa kuna tawi la APDK, shirika lililoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wakenya wenye ulemavu wa viungo. Ng’ambo ya mpaka wa Taveta, mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT ambacho tangu mwaka 1981 kimewafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Masomo hutolewa kwa Kiingereza. Wagonjwa huzungumza Kiswahili. Katikati ya lugha hizo mbili ndiko maneno kama gutu, ala, kupwaya na kuchonyota yanakopotea. Lugha yetu hujua kuumba maneno inapolazimika. Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopita Voi, Maktau na Salaita, vilituachia jina Kariakoo kutoka kwa kikosi cha wapagazi. Vita hivyohivyo viliwakata viungo zaidi ya askari 40,000 wa Uingereza na kuikuza sana kazi hii ya viungo bandia huko kwao. Sisi tulibaki na jina la soko. Walimu wa mafundi wakiketi na wanaisimu siku chache tu, orodha ya maneno 100 ingepatikana na kubandikwa ukutani katika kila karakana.

Kabla ya orodha hiyo kufika, mwenye kwenda kurekebishiwa mguu aende na majibu ya maswali manne. Wapi? Aonyeshe kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima. Vipi? Achague kitenzi: unafinya, unapwaya, unadunga, unachubua, unawasha. Lini? Asubuhi, jioni, au baada ya mwendo gani. Nikifanya nini? Nikisimama, nikipanda, nikiteremka, nikiketi. Anayemsindikiza na akae kimya mpaka mwenye mguu amalize, kisha akimsikia akisema “iko sawa tu”, amuulize tena.